Ridimu Moja, Waimbaji Kumi: Ushauri kwa Wanaotengeneza Rege na Dansiholi Kasongo na Kabambare

Swali ni lilelile, litoke Kasongo mjini, Lusangi au Salamabila: nipakue programu gani ili biti yangu ya rege isikike kama ya Jamaika? Wanaouliza wana simu na sikio zuri, na wengine wana kompyuta ya zamani inayochajiwa kwa paneli ya jua. Wadogo zangu, swali hilo limeanzia mkiani. Karibu programu zote zinaweza kutoa rege. Kinachokosekana kwenye biti nyingi ninazoletewa ni nafasi: zimejaa hadi mwimbaji hana pa kupita.

Nitaeleza hatua kwa hatua, na nitajibu pingamizi ambazo najua mnazo. Nadharia ya muziki tuwaachie walimu.

Ridimu si biti ya mtu mmoja

Kwetu, mtayarishaji humpikia mwimbaji fulani wimbo wake, ukiisha kila mtu anakwenda zake. Jamaika wana desturi nyingine. Ngoma na besi hutengenezwa, hupewa jina, kisha waimbaji wengi hupita juu yake, kila mmoja na maneno yake. Hiyo ndiyo ridimu. "Real Rock" ilirekodiwa Studio One ya Coxsone Dodd, Kingston, mwaka 1967, na imeimbiwa na vizazi kadhaa tangu hapo. Mwaka 2003 Sean Paul na Wayne Wonder walipanda chati za Marekani kwa nyimbo mbili tofauti kabisa, "Get Busy" na "No Letting Go", na chini yake kulikuwa na makofi yaleyale ya ridimu ya Diwali, kazi ya Steven "Lenky" Marsden.

Kwa mtu wa Maniema ya kusini desturi hii ina faida ya mfukoni. Kutengeneza biti kumi nusunusu kunakula chaji na megabaiti. Tengeneza moja, imalize vizuri, kisha mpe kila anayeimba mtaani kwako. Ila ili ridimu ibebe sauti kumi, lazima iache nafasi ya sauti kumi. Kila ushauri ulio hapa chini unatoka kwenye jambo hilo.

(Ukisikia Wajamaika wakisema "deejay", wanamaanisha yule anayechana maneno juu ya muziki, jamaa wa atalaku wetu. Anayechagua na kupiga sahani wanamwita "selector". Mkilijua hilo, mahojiano yao hayatawachanganya tena.)

Vifaa

- Simu ya Android yenye nafasi ya kutosha, na kadi memori mbili. Ya pili ni ya kuhifadhi nakala tu, usiiwekee picha.
- Visikilizi vya waya. Vya Bluetooth huchelewesha sauti: unagonga sasa, unasikia baadaye, na ngoma yako yote inatoka pembeni.
- BandLab kama una intaneti. Ni ya bure. FL Studio Mobile hununuliwa, lakini ukishaiweka inafanya kazi bila mtandao.
- Kwenye kompyuta, LMMS ni ya bure, haihitaji mtandao na inakubali mashine dhaifu. Audacity inatosha kurekodi sauti.

FL Studio ya kompyuta katika toleo la majaribio hukuruhusu kufanya kazi yote na kutoa wimbo, lakini haitaifungua tena kazi uliyohifadhi. Wengi hulijua hilo umeme ukishakatika. Ile "iliyovunjwa" inayouzwa kwenye flashi huja na virusi mara nyingi kuliko inavyokuja na muziki.

Suala la chaji halihitaji maneno mengi. Hifadhi kazi kila unapomaliza sehemu moja, toa WAV ya muda kabla ya kupeleka simu kwa mchajishaji, na usiache kadi ndani ya simu inayolala kwa watu.

Rege: anza kwa kuondoa

Fungua ubao wa ngoma wenye visanduku 16. Weka kasi ya mapigo 75 kwa dakika. Sasa panga hivi:

- Kiki, yaani ngoma kubwa ya mguu: kisanduku cha 5 na cha 13.
- Snea, ikiwezekana ule mgongo wa fimbo kwenye ukingo: cha 5 na cha 13, pamoja na kiki.
- Hai-hati: 1, 3, 5, 7, 9, 11, 13, 15, kwa sauti ndogo.
- Kisanduku cha 1: hakuna kiki.

Hii ndiyo wanayoiita "one drop", iliyokuzwa na Carlton Barrett, mpigaji ngoma wa Bob Marley. Najua mkono utawasha. Mtu aliyelelewa na rumba na sebene anataka pigo zito mwanzoni mwa mzunguko, na asipoliweka anahisi ameangusha kitu. Acha hivyo hivyo. Sikiliza kwa muda mrefu bila kugusa chochote, hadi mwili uanze kuinama wenyewe kwenye cha 5.

"Lakini kwenye video mwalimu anasema pigo liko kwenye tatu, na kasi ni 150!" Ni kitu kimoja kimehesabiwa kwa namna mbili. Anayehesabu 150 anahesabu mara mbili ya haraka yako. Chagua hesabu moja na usiichanganye na nyingine katika kazi ileile.

Ukitaka rege inayotembea kwa nguvu zaidi, acha snea palepale na piga kiki mfululizo sawasawa bila kuruka. Wajamaika wanaiita "steppers". Usiianze kabla hujaielewa ile ya kwanza.

Zingatia pia nguvu za mapigo. Hai-hati nane zenye sauti moja zinasikika kama saa ya ukutani. Punguza kila ya pili. Programu ikiwa na kitufe cha swingi, kisogeze kidogo tu.

Besi ndiyo mwimbaji wa kwanza

Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenye muziki wetu gitaa ndilo huimba, na besi hulibeba. Kwenye rege besi ndiyo yenye wimbo. Msikilize Aston "Family Man" Barrett, ndugu yake Carlton, au Robbie Shakespeare aliyefanya kazi na Sly Dunbar miaka mingi: unaweza kuimba besi zao kwa mdomo bila maneno na mtu akautambua wimbo. Jipime hivyo hivyo. Kama huwezi kuivumisha besi yako ukiwa njiani kwenda sokoni, bado hujaipata.

Fanya hivi:

1. Chagua akodi mbili tu. La mina kisha Sol maja zinatosha. Kwenye programu utaziona kama Am na G. Mapigo manne kwa moja, manne kwa nyingine, au mawili mawili.
2. Zima kila kitu isipokuwa ngoma. Imba besi kwa mdomo, irekodi kwa kinasa cha simu, kisha ndipo uitafute kwenye kibodi.
3. Usitumie noti zaidi ya tano au sita katika mzunguko mmoja.
4. Acha mahali ambapo besi inanyamaza kabisa. Mara nyingi mahali pazuri ni palepale mwanzoni, ambapo kiki pia haipo.
5. Kata mkia wa noti kabla ya noti inayofuata. Besi zinazokanyagana hugeuka tope.

Tatizo la spika ya simu: haitoi besi ya chini. Ukiongeza besi hadi uisikie kwenye simu, ukienda kupiga kwenye spika kubwa za harusi itatikisa bati na kufunika kila kitu. Dawa yake ni kuongeza ukwaruzo kidogo kwenye sauti ya besi, au kuifuatisha na noti ileile ya juu kwa sauti ndogo. Hapo sikio litaikamata hata kwenye simu ndogo, na kule chini itabaki na adabu. Kisha ijaribu kwenye spika kubwa ya mtu mwingine kabla ya kuitangaza.

Skanki

Skanki ni ule mkato wa gitaa au kinanda unaoangukia katikati ya mapigo. Visanduku vyake ni 3, 7, 11 na 15. Ipige fupi na kavu. Iondolee sauti za chini zote ili isigombane na besi. Ukitaka kinanda kinachochemka chini yake, kiwe kidogo sana kiasi kwamba ukikizima ndipo mtu agundue kilikuwepo.

Wengi wetu tumeijua rege kupitia Lucky Dube na Alpha Blondy, na vinanda vyao vimejaa na vinang'aa. Hakuna ubaya, lakini zile zilikuwa bendi zenye mwimbaji mmoja na mpangilio wake. Wewe unatengeneza kitu ambacho watu usiowajua bado wataimba juu yake. Punguza.

Dansiholi

Ongeza kasi hadi 95 au 105. Visanduku ni vilevile 16:

- Kiki: 1, 4, 9, 12.
- Snea: 7 na 15.

Hesabu kwa mdomo: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, moja-mbili. Rudia. Kama unapiga makofi kwenye kila "moja", umeshaipata. Sikio la huku halitahangaika nayo, maana mgawanyo huo umo ndani ya ngoma nyingi za Afrika ya kati.

Dansiholi haihitaji akodi nyingi. Nyingine hazina hata moja, ni ngoma na sauti mbili tatu za ajabu. Hapa kosa la kwetu huwa ni gitaa la sebene linaloingia dakika ya pili na kukataa kutoka. Nalipenda sebene kama mtu yeyote aliyezaliwa upande huu. Lakini sebene ni mazungumzo ya magitaa, na magitaa yakizungumza mwimbaji hunyamaza. Kama lazima uliweke, chukua kipande kifupi, kirudie, na kizime wakati wa maneno.

"Kibodi ya kanisa ina rege tayari, kwa nini nihangaike?"

Pingamizi hili lina nguvu, kwa sababu ridimu iliyobadilisha Jamaika yote ilitoka kwenye kitufe. Mwaka 1985 Wayne Smith na rafiki yake Noel Davey walikuwa na kibodi ndogo ya Casio MT-40. Ndani yake kulikuwa na mdundo ulioandikwa "rock", uliotungwa na Okuda Hiroko, mfanyakazi kijana wa Casio huko Japani. Waliupeleka kwa mtayarishaji King Jammy, ukapunguzwa kasi, ukaongezewa, na "Under Mi Sleng Teng" ikatoka bila mpigaji ngoma wala mpiga besi. Wapiga vyombo wengi wa Kingston walianza kuona kazi ikiwatoka mikononi.

Lakini tazameni walichofanya: waliubadilisha kasi na kuusikia kama kitu kingine kabisa. Hawakuubonyeza wakaenda kulala. Dar es Salaam nako vijana wa mchiriku walichukua vinanda vidogo vya Casio, wakavipitisha kwenye vipaza sauti vinavyokoroma, na kikatoka kitu ambacho kiwanda hakikukikusudia. Kwa hiyo bonyezeni, lakini:

- Badilisha kasi hadi mdundo usijijue.
- Zima vinanda na magitaa ya kibodi, baki na ngoma peke yake au besi peke yake.
- Usitumie ule mdundo ulioandikwa "reggae" ulivyo. Kila kwaya inao.
- Omba ruhusa ya kukitumia chombo cha kanisa, na kirudishe na chaja yake.

Ngoma za kwetu

Mnaniuliza kama inafaa kuingiza ngoma za nyumbani. Inafaa sana, na Jamaika yenyewe ina deni huku. Kumina, ngoma ya ibada ya mkoa wa Saint Thomas, ilipelekwa na Wakongo waliovushwa kufanya kazi za mkataba baada ya utumwa kufutwa katika makoloni ya Uingereza, katikati ya karne ya 19. Hao walitoka upande wa Kongo ya chini, karibu na bahari. Msijidai ni babu zenu wa Nyangwe. Njia za misafara iliyopita Kasongo zilielekea mashariki, Ujiji na pwani. Sema ukweli, bado unapendeza.

Namna ya kuziingiza:

- Rekodi ngoma moja, si kundi zima. Pigo moja la chini, moja la kati, moja la ukingo. Kisha zipange kwenye visanduku badala ya kiki na snea za programu.
- Rekodi alfajiri, kabla ya pikipiki na jenereta, na kamwe si chini ya bati wakati wa mvua.
- Madufu ya maulidi na ngoma za jando si vyombo vya kuokota tu. Kasongo ina wazee wa kuulizwa. Wakikataa, dufu la kununua utakalopiga mwenyewe litakupa sauti bila ugomvi.

Mwangwi, na mkono uliotulia

King Tubby, jina lake Osbourne Ruddock, alikuwa fundi wa redio na amplifaya katika mtaa wa Waterhouse, Kingston. Dabu ilikulia kwenye meza yake: alikuwa akizima sauti ya mwimbaji, akaacha ngoma na besi, kisha akarudisha neno moja likipotea kwenye mwangwi. Mafundi redio wa kwetu, hiyo ni kazi yenu.

Mwangwi ukikosana na kasi unaharibu kila kitu. Gawanya 60,000 kwa kasi yako, utapata urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Kwa 75 ni 800, na mwangwi wa robo tatu yake ni 600. Kwa 100 ni 600, na robo tatu yake ni 450. Andika namba hizo ukutani.

Kisha uweke kwenye pigo moja tu la snea kila baada ya mizunguko minne, au kwenye skanki moja. Nasikia kazi ambazo mwangwi umewekwa kwenye kila kitu tangu mwanzo hadi mwisho, na mtengenezaji anasema ni "dabu". Huo ni moshi.

Makosa mengine

Kufuata lafudhi ya Kingston. Mwimbaji wako anaongea Kiswahili cha Kasongo, aimbe hicho. Maneno yetu hubeba mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi mwelekeze silabi hiyo iangukie kwenye snea: "so" ya Kasongo, "mba" ya Kabambare. Maneno yatakaa yenyewe. Marehemu Justin Kalikawe wa Bukoba alipendwa akiimba rege kwa Kiswahili na Kihaya, na hakuna aliyemdai patwa ya Jamaika.

Kuongeza sauti hadi mstari uwe mwekundu. Spika zikipasuka watasema ni biti yako.

Kuruhusu matusi ya kabila. Jamaika kuna desturi ya kupambana kwa maneno jukwaani, na vijana wanaipenda. Huku maneno hayabaki jukwaani. Ridimu ni yako, una haki ya kukataa mstari.

Kuchukua biti ya mtandaoni na kubadilisha jina. Tangu 2021 watayarishaji wa Jamaika Steely na Clevie wamekuwa mahakamani Marekani wakidai kwamba ngoma yao ya "Fish Market" ya mwaka 1989 imo ndani ya zaidi ya nyimbo 1,000 za regetoni. Kama mabwana wakubwa wanafuatwa, usidhani umbali wa Salamabila utakuficha siku wimbo wako utakapoanza kuingiza pesa.

Kuitoa nje

Ipe ridimu jina kabla ya kumpa mtu. Lualaba, Samba, Namoya, lolote ambalo watu watalikumbuka. Kisha andaa mambo haya:

1. Ridimu nzima bila sauti, WAV moja. Dakika moja ya WAV hula takriban megabaiti 10, kwa hiyo panga nafasi ya kadi.
2. Vipande vinne, kila kimoja kikianzia sekunde ya sifuri: ngoma, besi, skanki, mengineyo. Vitakusaidia siku utakapotaka kutengeneza dabu.
3. MP3 ya ubora wa 320 ya kugawa. Kwa WhatsApp itume kama faili la hati, ili ifike ilivyo.
4. Kwenye jina la faili andika kasi na akodi: Lualaba_75_Am. Mwimbaji wa Kabambare ataweza kujirekodi bila kukupigia simu.

Anayejirekodi nyumbani aning'inize blanketi au godoro nyuma yake, akae umbali wa shubiri moja kutoka kipaza sauti, na asikilize ridimu kwa visikilizi vya waya ili isirudi kwenye kinasa.

Kabla hujatuma, andikianeni karatasi moja. Iseme ridimu ni ya nani, maneno ni ya nani, pesa zikija mtagawana vipi, na kwamba wewe una haki ya kuwapa wengine ridimu hiyohiyo. Kipengele hicho cha mwisho ndicho wanachogombania zaidi, maana mwimbaji wa kwanza huwa anaamini amenunua kitu cha peke yake. Mweleze mapema, mbele ya shahidi. Mkiwa na nyimbo zinazochezwa redioni mara kwa mara, SOCODA, shirika la haki za watunzi lililoundwa mwaka 2011 na lenye makao Kinshasa, ndilo la kujiandikisha. Nendeni na karatasi zenu, kila mmoja na sehemu yake ikiwa imeandikwa kwa asilimia.

Wape waimbaji wote tarehe moja ya kurudisha sauti zao, na atakayechelewa asubiri ridimu inayofuata.